KUSIKIA KWANZA, KISHA KUNENA: FUNDISHO LA HISTORIA YA KANISA LA MASASI

Wakati wa Jubilei ni wakati wa kuhesabu. Twahesabu miaka, twahesabu makanisa, shule na zahanati, twahesabu makasisi waliowekewa mikono na watu waliobatizwa. Hesabu hizo ni njema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Walakini liko jambo moja katika historia ya Dayosisi yetu ya Masasi lisiloingia katika hesabu, wala halikuandikwa juu ya jiwe lo lote la msingi. Jambo hilo ni kusikia. Tukizisoma habari za kale kwa makini twaona ya kwamba Misheni yetu ilipokaa kitako na kuwasikia watu kabla ya kunena, kazi yake ilisimama. Na iliponena au kutenda kabla ya kusikia, watu waliumia, na pengine damu ilimwagika.

Wengine watasema, Kusikia ni jambo dogo, hata mtoto mchanga husikia. Lakini sauti kuingia sikioni ni kazi ya mwili, na kumsikiliza mwenzio ni kazi ya moyo. Amsikilizaye mwenzio humwambia, bila kutamka neno, ya kwamba yeye ni mtu mwenye akili, na ya kwamba Mungu alikuwa pamoja naye hata kabla ya sisi kufika kwake. Kwa hiyo Mtume Yakobo katika waraka wake aliweka sikio mbele ya ulimi. Na Bwana wetu mwenyewe, siku ile ya kufufuka kwake, alipowafikia wale wawili waliokuwa wakienda Emau, hakuanza kwa kuwafundisha. Aliwauliza walikuwa wakizungumza nini, akawaacha wasimulie habari yote tangu mwanzo hata mwisho, habari ambayo yeye aliijua kuliko wao. Walipokwisha kutoa yaliyokuwa mioyoni, ndipo akawafungulia Maandiko. Ikiwa yeye ajuaye yote aliuliza na kungoja jibu, sisi tujuao machache yatupasa tufanyeje?

Basi na tuitazame historia yenyewe. Mwanzo wa Misheni yetu ni hotuba aliyoitoa David Livingstone katika chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, tarehe 4 Desemba 1857. Kwa maneno yake watu wa vyuo vikuu waliunda misheni ya kwenda Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa herufi zake, U.M.C.A. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, aliwekwa wakfu Cape Town tarehe 1 Januari 1861, na mwaka ule ule akapanda nchi ya mto Shire, ambayo leo ni Malawi. Alikuwa mtu mwema, shujaa, mwenye huruma nyingi. Mwezi wa Julai yeye na wenzake, wakiwa pamoja na Livingstone, walikutana na misafara ya watumwa waliofungwa, wakawafungua. Kisha wakakaa nao mahali paitwapo Magomero, katika nchi ya Wamang'anja.

Wakuu wa Wamang'anja wakamwendea Askofu, wakamweleza ya kuwa Wayao wanawashambulia, wanachoma vijiji vyao na kuwauza watu wao. Maneno hayo yalikuwa na kweli ndani yake, ila yalikuwa ya upande mmoja. Wamisionari hawakujua Kiyao, wala hawakupata kukaa barazani na wazee wa Wayao na kuwauliza ni nini kilichowatoa kwao. Wayao wale nao wengi walikuwa watu waliosukumwa na vita kutoka nchi yao. Basi wamisionari wakashika bunduki, wakaenda vitani pamoja na Wamang'anja, na vijiji vya Wayao vikachomwa moto. Tarehe 31 Januari 1862 Askofu Mackenzie akafa kwa homa huko mto Ruo unapoingia Shire, na baadhi ya wenzake wakafa baada yake. Askofu William Tozer, aliyeipokea kazi, akaiondoa Misheni katika nchi ile akaileta Unguja mwaka 1864.

Hatuandiki haya ili kumhukumu mtu aliyetoa maisha yake. Twayaandika kwa sababu Wayao ni watu wa nyumba hii, na wengi wa Wakristo wa Dayosisi yetu ni wajukuu wao. Habari ya kwanza waliyoipata Wayao kutoka kwa Misheni hii ilikuwa moshi wa nyumba zao. Nao moshi huo haukutoka katika chuki. Ulitoka katika huruma iliyofanya haraka, isiyongoja kusikia upande wa pili. Jambo hili yatupasa kulikumbuka sana sisi tuitwao kuamua mashauri ya watu.

Unguja Misheni ilijifunza kunyamaza. Pamoja na Askofu Tozer alikuja Padre Edward Steere, mtu aliyesoma sheria kabla ya kuwa kasisi. Aliikuta Unguja ina lugha yake, nayo lugha tajiri, yenye adabu na mafumbo. Akatafuta watu wa kumfundisha, wengine wao Waislamu wenye elimu. Akawaomba wamsimulie hadithi, naye akaandika jinsi walivyosema wenyewe. Mwaka 1870 vikatoka vitabu vyake viwili: kimoja cha sarufi na maneno ya Kiswahili, na kimoja cha hadithi za Kiswahili kama zilivyosimuliwa na watu wa Unguja. Fikirini, ndugu. Kasisi aliyevuka bahari kuja kufundisha, mojawapo ya kazi zake kubwa za kwanza ilikuwa kukusanya maneno ya wale aliokuja kuwafundisha, habari za sungura na simba, na za masultani na wanyama wenye hekima. Baada ya hayo ndipo tafsiri zake za Maandiko na za Sala zilipoweza kusomwa na watu bila kuchekwa, maana maneno yake yalipita katika sikio kabla ya kufika katika kalamu. Na tunda la kusikia kwake halikubaki kanisani tu. Ulipofanyika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 ili kuchagua Kiswahili kimoja cha vitabu na shule katika Afrika ya Mashariki, kilichochaguliwa ni Kiunguja, lugha ile ile ambayo Steere alikuwa amewafungulia njia ya kuiandika.

Steere aliwekwa kuwa Askofu mwaka 1874, na mwaka 1876 akatoka Unguja na kundi la watu waliookolewa katika utumwa, wakashuka Lindi, wakaenda bara kwa miguu. Nia ilikuwa kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa, ambako wengi wao walitekwa. Lakini walipofika Masasi, chini ya milima yetu ya mawe, watu wale waliiona nchi kuwa nzuri, wakataka kukaa papo hapo. Askofu angaliweza kuwaambia, Shauri limekwisha kukatwa, twendeni mbele. Akawasikia. Basi Masasi ya Kikristo haikuchaguliwa Ulaya, wala Unguja. Ilichaguliwa na watu waliokuwa watumwa, waliokuwa wamezoea miaka mingi kutoulizwa neno lo lote. Twadhani hiyo ni sifa kubwa kuliko jengo lo lote tulilo nalo.

Waliokuja baada ya Steere walifuata njia ile. Padre Chauncy Maples alijifunza Kimakua, na mwaka 1879 maneno aliyoyakusanya yakapigwa chapa. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa Kiyao. Mwaka 1886 Cecil Majaliwa, Myao aliyepitia utumwa katika utoto wake, akasomeshwa na Misheni, alipewa ushemasi akatumwa Chitangali. Na mwaka 1890 akawa kasisi, wa kwanza katika Waafrika wa Misheni yetu. Kule Chitangali Kanisa lilisitawi, wala hatuoni ajabu, maana mchungaji alikuwa mtu asiyehitaji mkalimani ili kujua mjane analilia nini.

Sasa twafika katika jambo lililokuwa gumu kuliko yote, nalo ni jando.

Kwa wazee wetu, Wayao, Wamakua na Wamakonde, jando lilikuwa zaidi ya kutahiriwa. Mvulana alitoka kwa mamaye akakaa kumbini majuma mengi. Huko alivumilia maumivu, alifundishwa heshima kwa wakubwa, na mambo ya mwili, na siri za wanaume. Akapewa jina jipya, na jina lake la utotoni likaachwa kumbini. Asiyepita huko alihesabiwa kuwa mtoto, hata akiwa na ndevu. Hakupata nafasi ya mtu mzima katika baraza wala katika matanga, na kuoa kwa heshima kulikuwa kugumu kwake. Tena katika mambo ya kumbini yalikuwamo mengine ambayo Mkristo hawezi kuyashika: matambiko, na nyimbo na mafundisho yaliyomfungulia kijana mlango wa uasherati.

Wamisionari wengi walisikia habari za hayo mabaya tu, nazo walizisikia mbali. Wakasema, Acheni. Sasa tazameni mzazi Mkristo alivyobanwa. Akitii, mwanawe alibaki mtoto wa kuchekwa maisha yake yote, na wajomba waliona kuwa ukoo umetukanwa. Akikataa kutii, alitengwa na Meza ya Bwana. Wengi walitafuta njia ya tatu, ndiyo njia ya giza: mtoto alitoweka shuleni majuma kadhaa, akarudi ana jina jipya, wala hakuna aliyeuliza. Wengine waliwapeleka wana wao katika majando yaliyokuwa yamekwisha kuingia mkononi mwa walimu wa Kiislamu, na kijana aliyeingia kumbini Mkristo akatoka Mwislamu. Kanisa lilikuwa limenena, na neno lake lilikuwa na haki ndani yake. Lakini kwa kuwa halikusikia kwanza, halikujua ni mzigo gani linaouweka mabegani mwa watu.

Waliojua walikuwapo. Makasisi na walimu Waafrika walikuwa wana wa nchi hii. Waliyajua yaliyo ya thamani kumbini na waliyajua yaliyo uchafu. Mtu kama Padre Kolumba Msigala, aliyetumika miaka mingi katika nchi hii na kuandika kumbukumbu zake, hakuhitaji kusoma kitabu cha Mzungu ili kuijua desturi ya kwao. Ila mtu asiyeulizwa hunyamaza, na zaidi hunyamaza katika mambo ya siri, maana ya kumbini hayasimuliwi ovyo.

Ndipo alipotokea Padre Vincent Lucas, kasisi wa Masasi, ambaye aliuliza. Alikaa na makasisi na walimu Waafrika, na wazee wa vijiji, akataka kujua kila jambo lina maana gani kwa wale walifanyao, kabla ya kusema ni jema au ni baya. Baada ya kusikia wakapepeta pamoja, kama mama apepetavyo mchele katika ungo. Kutahiri kulibaki, na kukaa kumbini kulibaki, na mafundisho ya heshima na uvumilivu yalibaki, na furaha ya kurudi nyumbani ilibaki. Sala ikachukua mahali pa tambiko. Kasisi au mwalimu alikwenda na vijana, akawafundisha Imani mahali pale pale walipofundishwa utu uzima. Maneno machafu yaliondolewa. Jando la kwanza la namna hiyo lilifanyika mwaka 1913.

Mwaka uliofuata vita ya Wajeremani na Waingereza ikaanza, na wamisionari Waingereza wakachukuliwa na serikali ya Kijeremani, wakafungwa huko bara hata mwaka 1916. Kazi ya Masasi ikashikwa na makasisi na walimu Waafrika. Amri iliyotoka kwa mtu mmoja tu ingaliweza kufa alipofungwa mtu yule. Lakini jando la Kikristo lilikuwa limetoka katika shauri la wengi, nalo halikusahauliwa. Mwaka 1926 Masasi ilitengwa na Dayosisi ya Unguja, ikawa Dayosisi peke yake, na Vincent Lucas akawekwa kuwa Askofu wake wa kwanza. Aliiongoza hata mwaka 1944.

Walakini historia ya kweli haisimulii mazuri tu. Ilipotakiwa kufanya vivyo hivyo kwa ajili ya wasichana, katika mafundisho yanayoitwa malango, kazi ilikuwa ngumu, nayo haikufanikiwa kama ile ya wavulana. Sababu yake si ya kufichika. Mambo ya jando yalizungumzwa na wanaume kwa wanaume, makasisi kwa makasisi. Malango ni mambo ya wanawake, ya ndoa na uzazi, na mama zetu hawakuwa na kiti katika shauri la makasisi. Mabibi wa Misheni nao walikuwa hawajaolewa, kama ilivyokuwa kanuni ya U.M.C.A., na mama wa kijiji aliona haya kumweleza mambo ya nyumba mtu asiye na nyumba. Basi sikio lililokuwa limefunguliwa kwa wazee wa kiume lilikuwa bado zito kwa mama zao na wake zao. Hata katika siku hizi yatupasa kujiuliza, tunaposema kuwa tumewasikia watu wa mtaa, ni nani hasa aliyesema mbele yetu, na ni nani aliyebaki jikoni.

Pengine msomaji ataogopa, akisema, Je, kusikia ni kukubali kila kitu? La, hasha. Mganga humsikia mgonjwa mpaka mwisho, wala hakubaliani na ugonjwa. Yako mambo ambayo Kanisa halina budi kuyakataa. Lakini hata neno la haki laweza kupotea njiani. Jirani zetu wa Kenya, katika nchi ya Wakikuyu, waliona hayo mwaka 1929. Misheni kadhaa zilipinga kukeketwa kwa wasichana, na katika jambo lenyewe zilikuwa na haki, maana kukeketa huumiza mwili na pengine huua. Lakini zilidai Wakristo wao waape au watie alama kwenye hati ya kuikataa desturi ile, asiyekubali alitolewa. Watu walikuwa na uchungu mwingine moyoni, hasa wa kunyang'anywa ardhi, na uchungu huo haukuwa umesikilizwa. Wakaiona hati ile kuwa amri nyingine ya wageni. Maelfu walitoka katika makanisa na shule za misheni, wakaanzisha zao. Nao wasichana ambao kwa ajili yao neno lilinenwa hawakuokoka, kwa kuwa desturi iliendelea miaka mingi. Hapo twajifunza ya kwamba kusikia hakuondoi ukweli. Kusikia hulima shamba, ili mbegu ya ukweli isianguke juu ya mwamba.

Basi, ndugu wapendwa, na hasa ninyi walimu wenzetu, haya yametupasa nini? Yatupasa kwanza darasani. Mtoto akichelewa shule, mwulize alikotoka kabla ya kumkemea. Huenda alimpelekea maji bibi yake mgonjwa. Yatupasa katika mashauri ya ndoa. Mume akifika kwetu na malalamiko, na maneno yake yakawa matamu na yenye mpango, tukumbuke Magomero, tusishike bunduki ya ulimi kabla ya kumsikia mke. Yatupasa katika kuwatembelea waliofiwa, ambao wengi wetu huwafungulia kitabu kabla ya kuwafungulia sikio. Kaa kwanza mkekani. Nyamaza nao. Wakisema, sikia, wakilia, ngoja. Sala ikija baada ya hayo, itakuwa na majina yao na machozi yao ndani yake.

Yatupasa tena kwa vijana wetu. Siku hizi makanisa mengi yamenunua vipaza sauti, na neno la mhubiri lasikika hata njia panda. Lakini hakuna duka liuzalo kipaza masikio. Vijana wengi wanaotuacha hawaondoki kwa kuwa hawakuhubiriwa. Wamehubiriwa sana. Huondoka kwa kuwa walikuja na swali, nasi tukawajibu swali lingine. Wazee wetu husema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nayo ni kweli. Lakini mkuu naye asiyesikia la mdogo atavunja magoti ya nyumba nzima. Hata Mungu alipokuwa na neno la kumwambia kuhani Eli, alilipeleka kwa mtoto Samweli, na kuhani yule mzee, pamoja na makosa yake yote, alikuwa na busara ya kumwuliza mtoto na kumsikia asubuhi.

Babu zetu walipofika Masasi mwaka 1876 waliulizwa, wakajibu, wakasikiwa, na kwa ajili hiyo sisi tupo mahali hapa. Deni hilo hatuwezi kuwalipa wao, maana wamelala. Twaweza kulilipa kwa yule atakayebisha hodi kesho nyumbani kwa kasisi, au kwa mwalimu, au kwa mzee wa kanisa, akiwa na neno zito moyoni asilojua jinsi ya kulianza. Tumkaribishe, tumpe kiti, tufunge kinywa, tufungue sikio. Mungu, ambaye husikia maombi yetu hata yale tusiyoweza kuyatamka, atupe neema ya kusikilizana kama yeye anavyotusikiliza. Amin.